Mahali pa Kuweka Maji

2 Aprili

Kilo moja ya maji haina uzito huku kwetu, kwa sababu hakuna kilima cha kuipandisha. Ina umbo tu. Mashamba haya ya Lincolnshire yalikuwa bwawa kabla ya watu kuyakausha, na barabara zake zimelala kama meza. Adui wa mwendesha baiskeli hapa ni mmoja, hewa, na hewa haiulizi chupa yako ina uzito gani. Inauliza umeiweka wapi.

Nimenunua daftari hili ili nilijibu swali hilo kabla ya tarehe 13 Agosti.

Siku hiyo ni mbio za kuendesha saa kumi na mbili mfululizo. Unaanza asubuhi, unaendesha peke yako, hairuhusiwi kujikinga nyuma ya mwenzako, na jioni wanapima umefika maili ngapi. Rekodi ya wanawake wa klabu yetu ni maili 236.4. Iliwekwa mwaka 1972 na Bi Mavis Sleight, ambaye siku hizi ndiye anayechemsha chai kwenye ukumbi wa kijiji kila Jumapili ya mashindano. Mwaka jana nilifika maili 236.1. Saa mbili za mwisho niliendesha bila tone la maji, kwa sababu Baba, msaidizi wangu, alikwenda kusimama mahali pengine, si tulipokubaliana.

Hatujalizungumzia tena. Tangu Mama aondoke tunaishi wawili tu, tunakula meza moja, na jambo hilo limekaa katikati ya meza kama sahani ambayo hakuna anayeinyooshea mkono.

Mwaka huu nitabeba maji yangu mwenyewe.

9 Aprili

Mvua. Upepo wa magharibi. Nilitakiwa niandike sura ya tatu ya tasnifu yangu ya uzamivu, inayohusu jinsi hewa inavyozizunguka nguzo za umeme. Niliandika aya mbili, kisha nikachora chupa nane.

16 Aprili

Jaribio la kwanza. Nimechagua barabara ya kando ya mfereji mkuu, maili mbili zilizonyooka, bila nyumba wala mti. Saa kumi na mbili asubuhi upepo bado haujaamka. Kwenye pedali kuna kifaa kinachopima nguvu za miguu kwa wati. Ninashikilia nguvu ileile, naenda na kurudi, naandika muda. Kisha nahamisha maji na kurudia. Mara tatu kwa kila mahali.

Chupa ya kawaida ya duara, ndani ya fremu, kati ya magoti, pale inapobebwa na kila mtu: inakula wati nne. Wati nne kwa siku nzima ni maili mbili. Maili mbili! Watu wanazitupa bila kujua, na mimi nilizitupa mwaka jana.

Baba alipita na gari la kazi. Ni fundi wa pampu zinazoyatoa maji mashambani na kuyasukumia mferejini. Bila watu kama yeye tungekuwa tunaishi na bata. Alipunguza mwendo, akashusha kioo.

"Umepoteza kitu, mama?"

"Hapana."

"Maana huu ni mzunguko wa sita."

"Napima."

Akangoja kidogo, labda nimweleze. Sikumweleza. Akapandisha kioo, akaondoka taratibu, asije akanirushia upepo wa gari na kuniharibia kipimo. Hilo la upepo nimeliona sasa hivi tu, ninapoandika.

30 Aprili

Upepo wa kaskazini, baridi.

Chupa bapa ndani ya fremu: wati moja na nusu, lakini inabeba maji ya kusukutua tu.

Chupa mbili nyuma ya kiti: wati mbili. Zinajificha nyuma ya makalio vizuri. Tatizo ni mashimo. Kwenye daraja la Gedby moja iliruka kama chura, ikaingia mferejini. Niliitazama inavyokwenda zake kuelekea baharini.

7 Mei

Mashindano ya maili ishirini na tano. Upepo kusini magharibi. Nilikuwa wa nne.

Nilifunga kwa mara ya kwanza tenki jipya: kopo refu la plastiki lililochongoka mbele, linalolala kati ya mikono miwili juu ya usukani, na mrija unaofika mdomoni. Ukiwa umeinama viwiko vimetulia kwenye vipumzisho vyake, unakunywa bila kuinua hata kidole.

Bi Mavis aliliona nilipoiegemeza baiskeli mlangoni mwa ukumbi. Alitoka na birika mkononi.

"We Hester. Hicho ulichokikumbatia ni nini? Mtoto?"

"Tenki la maji, Bi Mavis."

"Na huu mkia?"

"Mrija."

"Enzi zetu chupa zilikaa hapohapo mbele ya usukani. Mbili, za alumini. Ukianguka zinakung'oa meno." Akafunua mdomo, akagonga jino la mbele kwa ukucha. "Hili si langu. Miaka hamsini mnasoma chuo kikuu, mnarudi kuweka maji palepale."

Waliokuwa kwenye foleni ya keki walicheka. Nilihisi masikio yakiwaka.

"Unaitaka rekodi yangu, eti?"

"Ndiyo."

"Vizuri kusema ukweli. Na mimi nakwambia ukweli, sitaki uichukue. Nina miaka hamsini na moja nayo. Mume nilikaa naye thelathini tu, na alinisumbua zaidi."

14 Mei

Asubuhi tulivu kabisa, hata majani ya mferejini hayatikisiki.

Tenki kati ya mikono: sifuri.

Nilirudia mara sita, si tatu. Mara nne ilitoka sifuri, mara mbili ilitoka wati moja chini ya sifuri, yaani nilikuwa mwepesi hewani nikiwa na maji kuliko nikiwa sina. Ninajua sababu. Hewa inayoingia kati ya mikono inagonga kifua na kuzunguka humo kama imefungiwa chumbani. Tenki linaziba mlango. Niliegemeza baiskeli, nikakaa kwenye nyasi zenye umande, nikacheka kwa sauti. Halafu nikatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu wa kumwambia.

21 Mei

Upepo wa magharibi. Juu ya tenki kuna tundu la kujazia maji, lenye kifuniko cha mpira kilichokatwa katikati. Mpira unachezacheza hewani. Nimelifunika kwa tepu laini na kupima: nusu wati. Nimeiandika kwenye orodha ya siku ya mashindano, mstari wa tisa. Funika kila kiungo na kila tundu.

28 Mei

Mvua. Aya tatu za tasnifu.

11 Juni

Joto. Upepo hakuna.

Nimegonga ukuta. Tenki linabeba lita moja na robo. Kwa siku nzima nahitaji lita saba. Hata nikirudisha zile chupa za nyuma ya kiti, nitaishiwa kabla ya saa sita mchana.

Naweza kuficha madumu mawili kwenye majani na kusimama kujaza. Nimejaribu kwa saa ya mkononi: kufunga breki, kushuka, kufungua, kumimina, kufunga, kupanda, kurudi kwenye mwendo. Ukiwa hodari ni dakika moja. Dakika moja ni theluthi ya maili. Mwaka jana nilishindwa kwa theluthi ya maili.

Au mtu asimame kando ya barabara, akupe chupa yenye mdomo mrefu ukiwa mwendoni. Unauchomeka kwenye tundu, unaminya, unaitupa. Haichukui hata sekunde. Ndivyo wanavyofanya wote. Ndivyo nilivyofanya mwaka jana mpaka nilipofika kwenye egesho la Pump Lane nikalikuta tupu.

Nimepiga hesabu mara tatu, na kila mara jibu linakwenda nisikotaka liende.

Wakati wa chakula Baba alisema, huku akitazama viazi vyake, "Nimebadilishana zamu. Tarehe kumi na tatu Agosti niko huru."

"Una safari?"

"Hapana. Niko huru tu."

Nikamwambia viazi vimeiva vizuri.

25 Juni

Upepo kusini magharibi. Hakuna la kuandika.

16 Julai

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na keki.

Mashindano ya maili hamsini. Baada ya kumaliza nilikuwa ukumbini nikila keki ya ndimu, Gwen Pask akaja kukaa karibu nami. Gwen ni wa klabu ya jirani, ana miaka arobaini na moja, anafanya kazi kwa daktari wa mifugo na anacheka kama farasi anaowatibu. Mwaka jana yeye ndiye aliyeshinda zile mbio za saa kumi na mbili. Sikuwahi kuongea naye zaidi ya salamu. Nilikuwa nimejiambia kwamba ananidharau.

"Mdogo wangu, Agosti Colin atakuwepo?"

"Baba? Sijui. Kwa nini?"

"Nataka nimlipe chupa yake! Mwaka jana angenikosa ningelala mtaroni. Terry wangu gari lilimfia njiani, nina saa nzima sijanywa, naona mzee amesimama Pump Lane na chupa mbili. Nikapiga kelele, 'Maji!' Hakuuliza hata jina. Akanipa na kunisukuma mgongo." Akacheka. Kisha akaona uso wangu. "Hakukwambia?"

"Chupa ya pili?"

"Kuna babu mmoja alikuwa nyuma yangu, naye akaomba. Nilimsikia. Hester, zilikuwa za nani?"

Nilisema sijui. Nikatoka nje na kuiacha keki mezani.

Hakukosea mahali. Alikuwa palepale tulipokubaliana. Alikuwa na chupa mbili, wakapita wawili, akawapa. Halafu bila shaka akaenda kutafuta maji mengine, na mimi nikapita. Aligawa maji yangu, akampa mwanamke aliyenishinda, kisha akarudi nyumbani akasema, "Nisamehe, mama, nilichanganya mahali," na kwa miezi kumi na moja ameniacha nimuone mjinga.

17 Julai

Upepo wa mashariki. Hatukuongea.

18 Julai

Upepo wa mashariki.

19 Julai

Mashariki. Amenipikia mayai. Nimeyala.

23 Julai

Nimejaribu tena madumu. Sekunde hamsini na saba. Haitoshi. Nimejaribu tena. Sekunde sitini na nne.

Ninapopedali nabishana naye kichwani, na kichwani nashinda kila mara. Ninamuuliza, mimi ni nani kwako? Leo maili ya thelathini nilichoka kushinda.

30 Julai

Nimekwenda kwenye nyumba ya pampu.

Alikuwa amepiga magoti akipaka grisi, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Mashine moja ilikuwa inanguruma kwa hiyo ilibidi tupige kelele, na labda hilo lilisaidia.

"Gwen Pask ameniambia!"

Hakuuliza ameniambia nini. Alifuta mikono kwa kitambaa kidole kimoja kimoja, akaenda akazima mashine.

"Kwa nini ulisema ulikosea mahali?"

"Ulikuwa unalia."

"Ungeniambia ukweli!"

"Ungeniuliza kwa nini nilimpa."

"Ndiyo! Kwa nini ulimpa?"

"Si unaona? Sina jibu." Akaitazama spana iliyokuwa sakafuni. "Aliomba, Hester. Mtu amekauka midomo, anakuja maili ishirini kwa saa, anakwambia maji. Nilikuwa nayo mkononi. Nilidhani nina dakika kumi kabla hujafika. Nilikimbia mpaka nyumba ya kwanza, hawapo. Ya pili ina mbwa. Nikaendesha gari mpaka hapa, nikajaza kwenye bomba lile pale. Nilipofika Pump Lane ulikuwa umeshapita kwa dakika mbili, na njia ya mwaka jana haikurudi tena pale. Ulikuwa unakwenda vizuri kuliko nilivyokuhesabia."

Sikujua hilo, kwamba kosa lake lilikuwa kunihesabia polepole.

"Heri unione mjinga kuliko uone kwamba sikukujali," akasema. "Ndivyo nilivyofikiri. Si fikra nzuri sana."

Nilitaka kubaki na hasira yangu. Nilikuwa nimeizoea. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Nahitaji chupa sita."

"Nitaleta nane. Mbili za wanaoomba."

"Baba!"

"Bila hizo mbili sisimami."

"Basi leta kumi," nikasema, na nikawasha mashine mwenyewe ili asinione uso.

5 Agosti

Upepo wa magharibi, mwepesi. Tumefanya mazoezi kando ya mfereji. Yeye anashika chupa kwa shingo, vidole viwili, mkono umenyooka, anakimbia nami hatua nne. Ya kwanza ilianguka. Ya pili ilimpiga goti. Ya tatu nilishika, nikaichomeka kwenye tundu, nikaminya, tenki likajaa, nikaitupa nyuma bila kutazama.

"Umenirushia kichwani!"

"Samahani!"

"Rudia! Safari hii lenga!"

Ana miaka hamsini na tisa, na anakimbia kama mtu anayeogopa kukosa kivuko. Sikuwahi kumtazama akikimbia.

Nimeondoa chupa za nyuma. Nimeondoa hata kishikio cha chupa ndani ya fremu. Limebaki tenki tu. Baiskeli haijawahi kuwa safi hivi.

12 Agosti

Mchana nimeiandaa baiskeli kwa kufuata orodha, mstari kwa mstari, wa kwanza hadi wa kumi na nne. Tenki nimelijaza, kisha tepu nimeiweka matabaka matatu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka ukucha haupati pa kushika. Nimetulia. Kesho wanasema jua, na upepo kusini magharibi utakaoongezeka.

14 Agosti

Naandika nikiwa kitandani, ni saa nne asubuhi, siwezi kukunja goti la kulia.

Namba yangu ilikuwa ishirini na moja. Nilianza saa kumi na mbili na dakika ishirini na moja asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya mifereji. Kwa saa mbili na nusu kila kitu kilikwenda kama kwenye daftari. Nilikunywa kwa mrija, sikuinua kichwa, hewa ilipita kama haikuniona.

Tenki lilikauka maili ya hamsini. Baba alikuwa palepale, baada ya daraja la Gedby, mkono umenyooka. Hatua nne, chupa ikaingia kiganjani. Nikaupeleka mdomo wake kwenye tundu, ukateleza. Nikaupeleka tena, ukagonga kitu laini kama kioo.

Mstari wa tisa. Funika kila kiungo na kila tundu.

Orodha ile niliiandika Mei, wakati nilikuwa sihitaji kujaza, nikipima tu. Nilikuwa nimeziba kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa kijiko, mlango pekee wa maji. Nikajaribu kwa ukucha. Nikajaribu kwa meno, baiskeli ikayumba hadi kwenye nyasi. Nikanywa nilichoweza, nusu ikapitia puani, nikaitupa chupa. Pa kuiweka hapakuwepo, nilishaondoa kila kishikio. Hata nguo yangu haina mfuko. Mfuko unakula wati moja.

Mzunguko ule ni maili kumi na tatu. Dakika arobaini baadaye nikamkuta tena.

"Tepu!" nikapiga kelele. "Nimeziba tundu!"

"Simama nilikate!"

"Sisimami!"

"Hester!"

"Ni dakika moja, Baba!"

Alielewa. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye ningemwambia dakika moja akaelewa maili. Alikimbia nami mbali kuliko tulivyofanya mazoezi, akinipigia kelele, "Kunywa, kunywa, usiitupe bado, kunywa!" mpaka pumzi ikamwishia nikasikia miguu yake ikibaki nyuma.

Lakini huwezi kunywa maji ya dakika arobaini kwa pumzi moja. Tumbo linakataa. Nilichohitaji ni mafunda machache kila maili mbili tatu, na Baba ni mmoja, na msaidizi haruhusiwi kumpitapita mshindani wake na gari. Upepo ulishaamka. Saa tano asubuhi ulimi ulikuwa kama kipande cha zulia. Nilipiga hesabu, ndiyo kazi yangu. Jibu lilikuwa kwamba nitaanguka saa tisa alasiri, mahali fulani kati ya kabichi na viazi.

Kwenye mzunguko uliofuata, maili tatu baada ya Baba, niliona mwanamume mwenye fulana ya kijani ya klabu ya jirani amesimama na chupa. Nikafikiri, huyo anamngoja Gwen, aliyekuwa dakika tatu nyuma yangu. Akaanza kukimbia.

"Binti wa Colin! Chukua! Mafunda mawili, tupa popote, nitaokota!"

Alikuwa Terry, mume wa Gwen.

Sikuwa hata na muda wa kushukuru. Maili mbili mbele alisimama mama mmoja mnene nisiyemjua, mwenye kofia ya majani, akinyoosha kikombe cha plastiki. "Wa Colin? Haya, mwanangu!" Baadaye babu mwenye bendeji gotini. Nilikuja kujua kwamba ndiye yule wa chupa ya pili. Na kwenye kona ya shamba la viazi, juu ya kiti cha kukunja, miwani ya jua puani, Bi Mavis, kikombe kimoja cha bati mkononi.

"Chai!" alifoka. "Imepoa! Ina sukari! Kunywa, mwizi wewe!"

Nilikunywa. Nikakitupa kikombe kwenye viazi. Nyuma yangu nikamsikia, "Hicho kilikuwa cha mama yangu!" na sikujua kama anatania.

Baba alikuwa amepitia njia za mashambani kwa gari na kuwaendea wasaidizi wote kwenye egesho moja baada ya jingine, hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Hakusema mengi. Alisema, "Binti yangu amejiziba maji kwa tepu na hataki kusimama." Wote ni watu wa mchezo huu. Hakuna aliyeuliza mtu anawezaje kufanya hivyo. Mama wa kofia alisema mwanawe aliwahi kuziba kwa tepu hadi tundu la kujazia upepo kwenye gurudumu.

Kwa hiyo kutoka saa sita mchana nilipokewa kama mzigo, mkono kwa mkono. Ilinibidi niinue kichwa. Sikuwahi kuendesha siku nzima nikitazama nyuso. Wati zilipotea, bila shaka, kila nilipotoa kiwiko kunyoosha mkono. Sikuzihesabu, au nilizihesabu hadi saa nane kisha nikaacha.

Saa tisa sikuanguka. Saa kumi wakanigeuzia kwenye mzunguko mdogo wa kumalizia, ule ambao mwaka huu unapita Pump Lane kila mara, na hapo ndipo woga ulipokuja. Kama ningelikuta lile egesho tupu tena sijui ningefanya nini. Nilikunja kona nikiwa nimefumba jicho moja.

Alikuwepo. Miguuni kulikuwa na kreti, na juu yake kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mzito: WANAOOMBA. Kijana mmoja mbele yangu alipiga kelele, Baba akampa. Kisha akajifuta kiganja kwenye suruali, akachukua nyingine, akanyoosha mkono kwangu. Nilimpita mara tano jioni ile. Mara ya mwisho hakukimbia, miguu ilishamwishia, alisimama tu na chupa hewani, nami ndiye niliyesogea karibu.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na moja jioni nilikuwa kati ya watunza saa wawili. Unaendelea hadi kwa yule wa mbele, na wao wanapiga hesabu ulikuwa wapi muda ulipoisha. Nilimfikia, nikashuka, nikalala chali barabarani. Mbingu ilikuwa kubwa mno.

Ukumbini wanachukua saa nzima kukokotoa. Baba alikaa sakafuni kando ya baiskeli, akatoa kisu cha mfukoni, akaikata ile tepu tabaka kwa tabaka.

"Hii tepu ni nzuri," akasema.

"Ndiyo."

"Hewa haipiti kabisa."

"Baba, nyamaza."

"Umeisugua na kijiko?"

Nikaanza kucheka, misuli ya tumbo ikakaza, nikalia kwa maumivu huku nacheka, naye akawa anacheka kimyakimya, mabega yanaruka, kisu bado kiko mkononi.

Waliandika ubaoni: 236.9.

Bi Mavis alisoma bila miwani, kisha kwa miwani.

"Nusu maili," akasema. "Nusu! Na kwa chai yangu mwenyewe." Akaja akanishika mashavu kwa viganja vilivyonuka sabuni ya vyombo, akanitazama kwa muda kama anayetafuta kitu, akanibusu paji la uso. "Kesho utakwenda kunitafutia kikombe changu kwenye viazi."

15 Agosti

Nimekipata. Kimebonyea kidogo.

3 Septemba

Mbio za saa kumi na mbili za kaunti ya jirani, za mwisho mwaka huu. Sishindani. Goti. Gwen anashindana, na mimi na Baba tunamsaidia kwa sababu Terry yuko kazini.

Baba amenifundisha upande wa pili. Shika kwa shingo. Vidole viwili. Usimtazame usoni, tazama kiganja chake. Anza kukimbia kabla hajafika, na uachie kabla hujahisi anavuta. Kumbe ni kazi ngumu. Kumbe anayesimama hapa haoni chochote ila mtu mmoja anayekuja kwa kasi na mdomo wazi.

Saa saba mchana Baba alikuwa kwenye gari akijaza chupa. Nilikuwa na moja mkononi, ya Gwen. Ukingoni mwa barabara akaja msichana mdogo kuliko mimi, namba sitini na kitu, hakuwa na fulana ya klabu yoyote ninayoijua, uso mwekundu, mate yamekauka kwenye kidevu. Hakupiga hata kelele. Alisema tu, "Maji?"

Nilikuwa nimeshakimbia hatua nne kabla sijajua. Chupa ilishakwenda. Nikabaki katikati ya majani na kiganja wazi.

Baba aliteremka na kreti.

"Ile ilikuwa ya Gwen," nikamwambia.

"Niliona."

"Sikufikiri, Baba. Sikuchagua. Mkono ulikwenda wenyewe."

Alinipa chupa nyingine, yenye maji hadi juu, na sote wawili tukageuka kutazama kule anakotokea Gwen.

Upepo ulikuwa wa magharibi, nadhani. Sikuangalia.